Mcheza Kwao Hakutunzwa

Pointi mbili. Januari 2024, nchini Ivory Coast, Taifa Stars ilimaliza hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, ikiwa na pointi mbili, ikashika mkia, ikapanda ndege kurudi nyumbani. Desemba 2025, nchini Moroko, Taifa Stars ikamaliza makundi ya kombe hilohilo ikiwa na pointi mbili zilezile. Safari hii ikashika nafasi ya tatu, ikalingana na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, ikaipita kwa wingi wa mabao ya kufunga, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda kwenye fainali hizo ikavuka kwenda mtoano.

Pointi za kwanza aliziokota Mzanzibari aliyekabidhiwa timu siku mbili kabla ya mechi, katika michezo miwili. Za pili zilipatikana chini ya Muargentina aliyekabidhiwa timu wiki chache kabla ya mashindano, katika michezo mitatu. Mzanzibari hakuwapo kwenye benchi safari ya pili, ingawa ndiye aliyeifikisha timu huko.

Hesabu hii nilipigiwa na mzee mmoja pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, siku ambayo vijana walikuwa wanamsifu Muargentina huyo, Miguel Gamondi, kwa sauti za kupokezana. Mzee alisubiri wanyamaze, akaweka kikombe cha kahawa sakafuni, akauliza: “Mbili na mbili ipi kubwa?” Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu kwamba mbili ya Gamondi imevuka na mbili ya Morocco imerudi nyumbani, basi ya Gamondi kubwa. Mzee akasema, haya, na akarudi kwenye dhumna yake. Mimi sikuridhika na jibu la kijana, wala na ukimya wa mzee, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Morocco ninayemzungumzia ni Hemed Suleiman. Jina la utani limemganda hata watangazaji wakilitaja la kwake halisi lazima waongeze hilo la pili, msikilizaji asije akapotea. Ni jina lililompa tabu za kuchekesha. Agosti 22, 2025, kwenye robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Tanzania ilipofungwa 1-0, kichwa cha habari kilijiandika chenyewe: Morocco kafungwa na Moroko. Barazani tulilisema hilo kwa wiki nzima. Katika makala haya, basi, Moroko ni nchi na Morocco ni mtu.

Kwa msomaji ambaye mpira wake ni wa ligi za Ulaya tu, nimpe safari ya mtu huyu kwa ufupi. Amefundisha Coastal Union ya Tanga. Amefundisha Singida United. Amefundisha Namungo ya Ruangwa, timu iliyoingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 kwa njia ambayo hata mtunzi wa sinema angeogopa kuiandika: timu ilifika Luanda, ikazuiwa kwa mambo ya vipimo vya UVIKO, mechi ikafutwa, CAF ikaamuru zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikaipiga 1º de Agosto 6-2, ikafungwa 3-1 kwenye marudio, ikapita. Kwa klabu ya Ruangwa, mkoani Lindi, hiyo si habari ndogo.

Lakini sisi wa Unguja tulimjua kabla ya hapo, na tulimjua vizuri zaidi Desemba 2017.

Ule mwaka ulikuwa wa maudhi. Machi 16 CAF ilitupokea kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walisherehekea, wengine wakaanza kupanga safari za kuifuata timu ugenini katika mechi za kufuzu. Haikufika miezi mitano. Julai 21 CAF ikatuvua uanachama, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi kwa kipimo chake na kwamba tulipokewa kimakosa. Ndoto ikaanikwa na ikaanuliwa kabla haijakauka. Mwezi wa kumi na mbili, Zanzibar Heroes ikaenda Kenya kwenye Chalenji ya CECAFA, mashindano pekee makubwa tuliyobakiwa nayo kwa jina letu wenyewe. Morocco ndiye aliyekuwa kocha.

Tukaifunga Rwanda 3-1. Tukaifunga Tanzania Bara 2-1, matokeo ambayo huku Ng'ambo yalipokelewa kwa furaha ambayo sitaki kuieleza sana, maana gazeti hili linasomwa pia ng'ambo ya bahari. Tukatoka sare na wenyeji, tukateleza kwa Libya, tukaitoa Uganda kwenye nusu fainali 2-1. Fainali ikawa Machakos, Desemba 17. Kenya ikatangulia, Khamis Makame akasawazisha. Kenya ikatangulia tena, katika dakika za nyongeza, Khamis Makame akasawazisha tena. Ikaja mikwaju ya penalti, na kipa Patrick Matasi akatumaliza: Kenya 3, Zanzibar 2. Tulikosa kombe ambalo tulikuwa tumelichukua mara moja tu, mwaka 1995, lakini timu iliporudi ilipokewa kama bingwa.

Katika kikosi kile walikuwamo vijana wawili wa kiungo. Mmoja, Mudathir Yahya, alikwishaanza kujulikana Bara. Mwingine alikuwa kijana wa JKU aitwaye Feisal Salum, ambaye mashabiki wa Dar es Salaam walikuwa bado hawajampa jina la Fei Toto kwa mahaba wanayolitamka leo. Wakumbuke hao wawili, nitawarudia.

Sasa twende Ivory Coast. Januari 17, 2024, Stars ilifungwa na Moroko 3-0. Kocha wake, Adel Amrouche, kabla ya mechi alikuwa amesema maneno makali kuhusu nguvu za Moroko ndani ya CAF, na CAF ikamfungia mechi nane. Shirikisho la mpira la Tanzania, TFF, nalo likamsimamisha. Hapo ndipo Morocco, aliyekuwa msaidizi, alipoambiwa ashike timu, akiwa na Juma Mgunda pembeni. Cheo chake kikaandikwa: Kaimu Kocha Mkuu.

Nataka tulitazame neno hilo, kaimu. Ofisini kaimu ni mtu anayekaa kwenye kiti mpaka mwenyewe arudi. Anasaini barua, anaongoza vikao, anabeba lawama, lakini hata mlinzi wa getini anajua kwamba kiti si chake. Kaimu hapangi mambo ya miaka mitano, na hakuna anayemwomba ayapange. Kwenye mpira, kaimu ni kocha ambaye akishinda timu imeshinda, akifungwa amefungwa yeye.

Kaimu wetu alitoka sare 1-1 na Zambia, mechi ambayo Stars iliongoza kwa bao la Simon Msuva na kusawazishiwa dakika za mwisho. Akatoka sare 0-0 na Kongo DR, timu iliyofika nusu fainali ya mashindano yale. Hizo ndizo pointi mbili. Wachezaji walikuwa walewale waliopigwa 3-0 siku chache nyuma. Amrouche hakurudi tena kwenye benchi la Stars.

Juni 11, 2024, Morocco aliipeleka timu Ndola, Zambia, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Stars ikashinda 1-0 kwa bao la mapema la Waziri Junior. Watu wa umri wangu tukisikia Ndola tunanyoosha mgongo. Ndola ndipo Peter Tino alipofunga mwaka 1979, katika sare ya 1-1 iliyotupeleka kwenye fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, za kwanza kwetu. Kwa miaka thelathini na tisa, mpaka 2019, bao lile lilikuwa ndiyo historia yetu yote. Tulilila asubuhi na jioni.

Na Ndola ile ya 1979 ina jambo ambalo wengi hawalisemi. Mtanzania ukimuuliza ni kocha gani aliyetupeleka Lagos, atakutajia Joel Bendera, mzawa, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa, akafariki Desemba 2017, mwezi uleule ambao Zanzibar Heroes ilikuwa Kenya. Lakini fungua kumbukumbu za mashindano yenyewe ya Lagos, utazame nani ameandikwa kocha mkuu wa Tanzania. Utakuta jina la Slawomir Wolk, kutoka Poland. Mzawa kwenye kufuzu, mgeni kwenye fainali. Mwaka 1980 tuliweza kusema ndiyo mara ya kwanza, tulikuwa hatujui.

Rudi kwa Morocco. Septemba 2024 alianza mechi za kufuzu AFCON ya 2025 kwa sare isiyo na mabao na Ethiopia, Dar es Salaam, na magazeti yakamchambua kama samaki wa mnada. Siku sita baadaye, Yamoussoukro, Guinea ikatangulia. Feisal Salum akasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mudathir Yahya akafunga la pili. Vijana wawili wa Machakos, kocha wa Machakos, miaka saba baadaye, katika jezi ya Taifa. Sijui msomaji wa Bara aliiona mechi ile kwa jicho gani, lakini Michenzani niliona watu wakikumbatiana ambao kwenye mambo ya siasa hawasalimiani.

Tukafungwa na Kongo DR nyumbani na ugenini. Tukaifunga Ethiopia 2-0. Novemba 19, 2024, kwenye Uwanja wa Mkapa, Msuva akaifunga Guinea bao pekee, tukamaliza na pointi kumi, nyuma ya Kongo DR, tukafuzu. Kati ya timu tatu alizopangiwa kaimu, mbili zilibaki nyuma yake. Mwaka uliofuata, kwenye CHAN tuliyoandaa pamoja na Kenya na Uganda, aliongoza kundi: akaifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, akatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Pointi kumi tena. Robo fainali, ndiyo hiyo ya Moroko.

Sasa nisije nikaonekana ninamtetea kwa kuwa ni wa kwetu. Nitasema na yaliyompata, na yalimpata hapahapa.

Septemba 9, 2025, Niger ilikuja kwenye uwanja wetu wa Amaan, ikatufunga 1-0. Oktoba 8 Zambia ikaja palepale, ikatufunga 1-0. Ndoto ya Kombe la Dunia ikazikwa Unguja, mbele ya jamaa zake kocha. Uwanja ule ulijengwa na Wachina, ukafunguliwa 1970, ukavunjwavunjwa na kujengwa upya, ukafunguliwa tena Desemba 2023 ukiwa na viti elfu kumi na tano. Siku ya Zambia niliona viti hivyo vikigeuka mdomo mmoja. Mpira ulipigwa pembeni, ukarudi nyuma, ukapigwa pembeni tena. Hatukuwa na mtu wa kuupeleka mbele, na mabadiliko yaliyofanywa hayakubadilisha kitu. Nyuma yangu mtu mzima alimtukana kocha tusi ambalo mamake kocha, kama yupo jirani, angelisikia. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Pale Amaan mcheza kwao alizomewa.

Mwanzoni mwa Novemba TFF ikatangaza kuachana naye na kumpa timu Gamondi wa Singida Black Stars. Kwa cheo gani? Kaimu.

Nilicheka peke yangu. Lakini ukaimu wa Gamondi na wa Morocco ni vitu viwili. Gamondi aliingia akiwa na klabu yake, jina lake, ubingwa wa ligi aliouchukua na Yanga, na heshima ya kuitwa mwokozi kabla hajaokoa. Angefungwa mechi zote tatu, tungesema alikuta timu mbovu na hakupewa muda. Morocco akifungwa mechi moja, tunasema mzawa hana uwezo. Gamondi mwenyewe simlaumu hata kidogo. Alifungwa na Nigeria 2-1, akatoka 1-1 na Uganda, akatoka 1-1 na Tunisia kwa bao la kusawazisha la huyohuyo Feisal, akavuka. Januari 4, 2026, Rabat, akafungwa na Moroko 1-0. Moroko hawabagui, wametutoa sisi na makocha wa kila aina.

Watetezi wa uamuzi ule wana methali yao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri na ya kweli. Ila tumeisikia kila mara inapoajiriwa sura mpya, mpaka mtu anajiuliza huyu mwenyeji ana ugonjwa gani usiokwisha. Amepona mara ngapi, na nani alimuuguza katikati, wageni walipokuwa hawapo?

Hapa ningependa kutoka nje kidogo, nivuke bahari mbili. Marekani wana mchezo wao wanaouita mpira wa miguu ingawa mpira wenyewe una umbo la yai na mara nyingi unashikwa mkononi. Wanaupenda kiasi kwamba timu za vyuo vikuu, za wanafunzi, zinajaza viwanja. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya laki moja; ni Amaan saba zikikaa pamoja. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji, ni kocha wa timu ya chuo. Na wengi wa makocha hao ni wachezaji wa zamani wa vyuo, waliotoka uwanjani, wakaanza kama wasaidizi wa kubeba koni, wakapanda ngazi moja moja kwa miaka ishirini. Nick Saban, aliyechezea Kent State ujanani, alistaafu Januari 2024, mwezi uleule Morocco aliposhikishwa Stars, akiwa na mataji saba ya taifa. Kule humwiti kocha kwa jina lake. Unamwita Kocha, kama sisi tunavyosema Sheikh au Maalim, na cheo hicho huzikwa nacho.

Kuna na upande wa mikataba, ambao ndio ulionifanya niende mbali hivi. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, naye mchezaji wa zamani wa chuo, na kwa mujibu wa mkataba kikawa na deni kwake la zaidi ya dola milioni sabini na tano. Alipwe kwa kutofanya kazi. Nami naona huo ni wazimu, na sipendekezi TFF iuige. Lakini katikati ya wazimu wa Texas na ukaimu wa TFF pale Ilala pana nafasi pana ya mtu kupewa karatasi inayosema: ukiifikisha timu, utaingia nayo.

Mtu atasema, Zanzibar hakuna vyuo vya mpira. Vipo, ila havina mabango. Tazama ligi yetu kuu: KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ, Zimamoto. Hivi ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi. Kijana wa Kwahani au Makunduchi akionekana ana mguu, kikosi kinamchukua, anapata ajira, mshahara, sare na namba. Anacheza miaka kumi. Goti likianza kulia, hatupwi: anapewa vijana awafundishe, huku ngazi yake ya kikosini inaendelea kupanda. Ndiyo njia waliyopita wengi wa walimu wetu wa mpira. Nimesema walimu kwa makusudi. Mchezaji wa huku humwita kocha wake mwalimu, na hata akihojiwa na redio baada ya kufunga mabao matatu, atakwambia alifuata maelekezo ya mwalimu. Kwa hiyo heshima tunayo, kwenye ulimi. Haishuki kwenye karatasi.

Mwalimu wangu mimi wa kwanza hakuwa hata na kikosi. Alitufundisha Mnazi Mmoja, jioni baada ya skuli, akija na baiskeli na mipira miwili ndani ya wavu, mmoja umekwisha ngozi. Alikuwa amecheza zamani, winga wa kulia, na alikuwa akituonyesha namna ya kupiga krosi akiwa na makubazi miguuni. Hakuna timu iliyompa barua yoyote. Alipofariki, mazishini nilihesabu watu waliocheza ligi kuu waliopita mikononi mwake, nikafika kumi na mmoja, timu kamili, nikaacha kuhesabu.

Na wapo ambao ukaimu wao ulikuwa mzito zaidi. Nassra Juma alicheza na kufundisha Women Fighters, timu ya wanawake ya hapa mjini, katika siku ambazo msichana akionekana na jezi mtaani aliambiwa anaharibu dini na mila kwa pamoja. Florence Ayisi, mtengeneza filamu kutoka Kamerun, alikuja akawapiga picha, na mwaka 2007 ikatoka filamu ya Zanzibar Soccer Queens, ikaonyeshwa huko duniani. Watu wa Ulaya wakamjua mwalimu huyo wa Unguja wakati jirani zake wengine walikuwa bado wanabishana kama anachofanya kinafaa. Nadir Haroub, tuliyemwita Cannavaro, nahodha wa Zanzibar Heroes na wa Yanga, aliyewahi kufika mpaka Vancouver, Kanada, alipotundika njumu mwaka 2018 klabu yake ilimpa kazi ya umeneja. Huyo alitunzwa, na klabu ile inastahili sifa kwa hilo. Ila umeneja wa timu ni kazi ya ratiba, hoteli na pasipoti. Beki aliyesoma mechi kwa miaka kumi na mbili katika klabu moja alikuwa na mengi ya kufundisha kuliko saa ya basi kuondoka.

Nirudi kwenye jambo langu. Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka. Kufuzu ni kazi moja, fainali ni kazi nyingine, na kocha anayefungwa na Niger nyumbani, miezi mitatu kabla ya fainali, amewapa waajiri wake sababu ya kuhofia. Kweli. Mpira hauna pensheni ya ushindi wa mwaka jana. Kama mimi ningekuwa mjumbe wa kamati siku ile baada ya Zambia, huenda mkono wangu ungetetemeka nao.

Ila ningeuliza swali moja kabla ya kuunyanyua. Je, tulimpa huyu mtu timu, au tulimwazima? Maana aliyepewa timu huchagua wasaidizi wake, hujua bajeti ya kambi yake, huambiwa mapema kipimo chake ni kipi, na akishindwa anashindwa mbele ya kipimo hicho. Aliyeazimwa hunyang'anywa siku mwenye nacho anapokikumbuka. Na tumtendee haki hata Gamondi: tangu lini Muargentina naye apewe timu ya taifa kwa mkopo, huku bado ana klabu, halafu tuite huo mpango?

Kuna na uzito wa Kizanzibari ambao Bara hawauhisi sana. Michezo si jambo la Muungano. Tuna wizara yetu, shirikisho letu la ZFF, ligi yetu, na bingwa wetu anakwenda Afrika kwa tiketi yake mwenyewe. Lakini kwa timu ya taifa, mlango wa FIFA ni mmoja, na uko Dar es Salaam. Kocha wa Unguja anayetaka kufundisha dhidi ya Nigeria hana njia nyingine isipokuwa kupita mlango huo. Morocco alipita, akakaa karibu miaka miwili, akawa kwetu ushahidi kwamba mlango unafunguka. Ndiyo maana kuondoka kwake, hata kama kulikuwa halali kwa kila kifungu, kumetuacha na ladha ya chumvi kinywani. Vijana wanaosoma kozi za CAF hivi sasa, wanaodurusu daraja C na B usiku baada ya zamu zao za kikosini, wameona mlango unavyofunguka. Wameona pia unavyofungwa.

AFCON ya 2027 tumepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Tukiwa wenyeji hatuna haja ya kufuzu, kwa hiyo safari hii hakuna mzawa atakayetumwa kupanda mnazi ili mwingine aje kunywa dafu. Naiomba TFF mambo mawili, na naiomba ZFF isimame nayo kuyadai. La kwanza, kocha atakayeongoza Stars nyumbani, awe wa Gombani au wa Buenos Aires, apewe mkataba wenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, tuuone, na neno kaimu lisiwemo. La pili, siku ya mechi ya kwanza, kabla wimbo wa taifa haujapigwa, Hemed Suleiman aitwe uwanjani kwa jina lake kamili, na asichelewe kuletewa mwaliko, kwa sababu boti ya mwisho kutoka Unguja haisubiri mtu.